Ruta ya ofisi ikikataa kushikana na modemu

Weka hiyo sindano chini kwanza. Najua kuna mtu ofisini ameshakuambia, "Choma kale katundu ka nyuma, itarudi yenyewe." Ruta itarudi kweli, lakini itarudi kama siku ile ilipotolewa kwenye karatoni: jina la Wi-Fi limefutika, nenosiri limefutika, na kama mtandao wenu unaingia kwa jina na neno la siri mlilopewa na kampuni, hayo nayo yamekwenda. Ikiwa ni Jumamosi mchana na kampuni imefunga, mtalala hivyo mpaka Jumatatu. Katika ofisi ninazohudumia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Nguba mpaka Kadutu, mara nyingi nakuta kosa la kwanza lilikuwa jepesi, na la pili, lililoletwa na sindano, ndilo lililokula siku nzima.

Haya nayaandika kwa ajili ya sekretari, mhasibu, mwuza dawa wa dipo, yule mtu ambaye si fundi lakini mtandao ukikatika wote wanageuza shingo kumtazama yeye. Dipo likikosa mtandao, oda ya dawa haiendi. Shirika likikosa mtandao mwisho wa mwezi, kuna familia zinazosubiri mshahara. Kwangu hilo si jambo dogo, na inaniuma kuona mtu anamngoja fundi nusu siku kwa kitu ambacho mikono yake mwenyewe ingekimaliza.

Nani ni nani pale mezani

Modemu ndiyo inayoleta mtandao kutoka nje. Ruta ndiyo inayougawa ndani, kwa waya na kwa Wi-Fi. Katikati yao kuna waya mmoja unaotoka kwenye modemu na kuingia kwenye tundu moja maalumu la ruta, lililoandikwa WAN au Internet. Kosa linaweza kukaa kwenye modemu, kwenye huo waya, au kwenye ruta. Kazi yako ni kujua limekaa wapi kabla hujabadili chochote.

Hapa kwetu modemu inaweza kuwa kisanduku cha faiba ukutani, antena ya redio juu ya paa, sahani ya setilaiti, au kile kisanduku kinachotumia laini ya simu. Binamu yangu ana ofisi ya kusafirisha mizigo kule Liège, Ubelgiji, na modemu yake yeye inaletewa mtandao na kebo nene ileile ya televisheni, ile ambayo kichwa chake unakikaza kwa kuzungusha. Nimemsaidia kwa WhatsApp, yeye akinionyesha taa kwa kamera ya simu, na njia tuliyofuata ni ileile ninayoifuata hapa. Vifaa vinatofautiana majina ya taa na tabia ndogondogo, nitazitaja tukifika.

Kabla ya kugusa waya, uliza mambo mawili. La kwanza: abonema, yaani ada ya mtandao, imelipwa? Muulize anayeshika keshi, na risiti uione kwa macho yako. Abonema ikiisha, mara nyingi modemu haizimwi. Taa zote zinabaki nzuri, ruta inaweza hata kupewa anwani (ile namba inayoitambulisha mtandaoni), ila hakuna ukurasa unaofunguka. Mtu anaweza kuchomoa waya zote za ofisi akitafuta kosa lililoko kwenye daftari la matumizi. La pili: ni kompyuta moja au ni zote? Kama simu za wenzako zinaendelea kupata mtandao kwa Wi-Fi ileile, usiguse ruta wala modemu, tatizo ni la hiyo kompyuta. Itazame hasa tarehe yake. Mashine ya mezani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imechoka, umeme ukikatika inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na tovuti zenye ulinzi zinaikataa moja baada ya nyingine.

Soma taa

Kaa mbele ya modemu dakika nzima bila kufanya kitu. Taa ya umeme iwe imetulia.

Kwenye kisanduku cha faiba, tafuta taa ya PON, ambayo inatakiwa kuwaka bila kupepesa, na taa ya LOS, ambayo inatakiwa kuwa imezimika. LOS ikiwa nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haufiki. Fuata ule uzi mwembamba kwa macho mpaka unapoingia ukutani: pengine kuna mtu amesogeza kabati ukabanwa, au umepindwa kwa kona kali nyuma ya meza. Unyooshe taratibu. Usiuchomoe ukauchungulia ndani, mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Kama uzi ni mzima na taa imebaki nyekundu, hapo ruta yako haina kosa lolote. Piga simu kwa kampuni.

Modemu ya kebo kama ya Liège ina taa mbili zinazopepesa wakati inatafuta mawimbi, moja ya kushuka na moja ya kupanda, kisha taa ya mtandao inawaka na kutulia. Isipotulia, kaza vichwa vya kebo kwa vidole, pande zote mbili, na uondoe kigawanyo cha televisheni kisicho na kazi, kwa sababu kila kinapogawa kinapunguza nguvu ya mawimbi.

Antena ya redio ndiyo inayonipa kazi kubwa. Haina waya wake wa umeme; umeme unapanda paani kupitia waya uleule wa mtandao, ukitokea kwenye kisanduku kidogo cheusi kilicho chini ya meza. Kisanduku hicho kina matundu mawili yanayofanana kabisa. Lililoandikwa POE linakwenda kwenye antena. Lililoandikwa LAN linakuja kwenye WAN ya ruta. Anayepiga deki akivuta waya zikachomoka, na mtu akazirudisha kwa kubahatisha, antena inabaki bila umeme na umeme wake unaelekezwa kwenye ruta. Vingi vya visanduku hivi vinasukuma volti 24 bila kujali kilichoko upande wa pili, na tundu la WAN linaweza kufa papo hapo. Kwa hiyo piga magoti, washa tochi ya simu, soma maandishi kabla ya kuchomeka. Kisha zungushia kila waya kipande cha plasta, andika "PAA" kwenye mmoja na "RUTA" kwenye mwingine. Plasta ya duka la dawa inatosha, na wino wa kalamu ya kawaida unashika.

Sasa geukia ruta. Taa ya WAN, mara nyingi yenye alama ya tufe, ndiyo unayoitaka. Kuna hali mbili zisizofanana hata kidogo: imezimika kabisa, au inawaka lakini kwa rangi ya chungwa au nyekundu. Iliyozimika inakuambia kwamba umeme wa ishara haupiti kwenye waya. Ya chungwa inakuambia waya uko sawa, ila vifaa havijaelewana. Ukizichanganya hizi mbili utahangaika bure.

Taa ya WAN imezimika kabisa

Hapo hakuna mpangilio wowote kwenye skrini utakaoiwasha. Ni waya au tundu.

Hakikisha kwanza waya umeingia WAN na si moja ya yale matundu manne ya LAN, yanayopeleka mtandao kwenye vifaa vya ndani. Kwenye ruta nyingi WAN imetengwa pembeni au ina rangi yake, lakini si zote, basi soma herufi. Nimekuta ofisi ambapo waya wa modemu umechomekwa LAN, Wi-Fi inaonekana, na kila mtu anaapa kwamba hakuna aliyegusa.

Halafu shika kile kichwa cha plastiki. Kina ulimi mdogo unaotoa sauti "tak" ukiingia. Ulimi ukivunjika, kichwa kinakaa ndani kwa huruma tu, na gari zito likipita barabarani kinateleza nusu milimita. Kwa macho kinaonekana kimeingia. Usikifunge kwa gundi, badilisha waya.

Ukitaka kukikagua zaidi, kigeuze mpaka vipande vya shaba vikutazame, mdomo wake ukiwa juu. Kutoka kushoto kwenda kulia, nyuzi zinatakiwa kupangika hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili uwe vilevile. Wanaokosea wengi wanapanga kijani na nyeupe-kijani pamoja, kwa sababu ndivyo zilivyosokotwa. Ukizipanga hivyo, waya mfupi unaweza kupita kwenye kipimo cha taa na bado ukasumbua kazini. Waya ukizidi mita 100 nao hauaminiki, hata ukiwa umepangwa vizuri. Ninalisema hili kwa ajili ya majengo ya mlimani, ambako antena iko nyumba ya juu na ofisi iko chini kabisa.

Jaribio la haraka: chukua waya mfupi ambao unajua ni mzima, kwa mfano ule wa printa, uunganishe modemu na ruta kwa huo. Taa ikiwaka, umepata mwizi. Kama waya unapita darini, mshuku panya kabla ya kumshuku fundi aliyeuweka.

Waya mzima na taa bado giza? Chomeka laptopu kwenye WAN ya ruta. Ni jaribio tu la kuona kama tundu lina uhai, mtandao usiutegemee hapo. Laptopu ikiendelea kuandika "Câble réseau débranché" (waya wa mtandao haujachomekwa), na kwenye LAN ya ruta hiyohiyo waya uleule unaiwasha, basi tundu la WAN limeungua. Tutalirudia mwishoni.

Umeme, na nani aamke kwanza

Adapta za modemu na ruta zina kichwa kinachofanana, na baada ya kuhamisha meza watu wanazibadilisha bila kujua. Geuza kifaa usome chini yake: volti ngapi, ampea ngapi. Adapta ilingane kwa volti, na ampea ziwe sawa au zaidi. Ruta inayotaka volti 12 na ampea 2, ukiipa adapta ya ampea 1, itawasha taa zake vizuri, kisha Wi-Fi ikipata watu wengi inajizima na kujiwasha. Anayekaa mbali na meza anaona tu mtandao unaopotea na kurudi.

Baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, umeme ukirudi, modemu na ruta zinaamka pamoja. Ruta inamaliza kuamka mapema, inaomba anwani, haipati jibu kwa sababu modemu bado inatafuta mawimbi. Ruta nyingine zinaendelea kuomba, nyingine zinachoka na kubaki hivyo. Dawa ni kuziamsha kwa zamu. Zima zote mbili. Washa modemu peke yake, ngoja taa zake zitulie. Ya kebo au ya setilaiti inaweza kuchukua dakika kadhaa, na hapo ndipo subira inapowashinda watu. Zikitulia, washa ruta.

Na uhakikishe kweli umezima. Ofisi nyingi hapa zimeweka modemu kwenye onduleri (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) au kwenye kale kabetri kadogo ka volti 12. Ukichomoa prizi ya ukutani, modemu haijui hata kwamba umechomoa. Baadhi ya modemu za kebo kule Ulaya na Marekani zina betri ndani ya tumbo lake kwa ajili ya simu ya mezani, na hizo nazo hazizimiki mpaka utoe betri. Angalia taa: lazima zote zife.

Laptopu inapata, ruta haipati

Hili ndilo linalofanya watu wanunue ruta mpya bila sababu, basi nitakaa hapa kidogo.

Kuna ofisi ya ushirika wa kahawa ninayoihudumia, meneja wake ni mzee makini sana. Alinipigia akasema, "Mama fundi, tumechomeka laptopu moja kwa moja kwenye modemu, inaingia vizuri. Tumerudisha ruta, haiingii. Tumerudia tena, vilevile. Basi ruta imekufa, nitume kijana akanunue?"

Nikamwambia, "Papa, usitume mtu bado. Mwambie achomoe laptopu, azime modemu, anywe chai."

Ruta ilikuwa nzima. Kila kifaa cha mtandao kina anwani yake ya kiwandani inayoitwa anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi. Modemu nyingi, na za kebo hasa, ni kama sentineli aliyeambiwa aruhusu mtu mmoja tu: anakariri uso wa kwanza aliouona baada ya kuamka, na mwingine akija na waya uleule hamfungulii. Ulipoijaribu kwa laptopu, modemu ilikariri laptopu. Ulipoirudisha ruta, ikaonekana mgeni. Jaribio lenyewe liliacha alama, na kadiri unavyorudia kubadilishana bila kuzima modemu, ndivyo unavyozidi kuamini kwamba ruta imekufa.

Kwa hiyo kila unapobadilisha kifaa kilichoshikana na modemu, zima modemu kabisa. Chomoa laptopu. Ngoja dakika mbili tatu. Chomeka ruta ikiwa imezimwa. Washa modemu, ngoja itulie, washa ruta. Kwa ushirika ule hilo lilitosha.

Lisipotosha, inawezekana anayekumbuka si modemu bali ni mitambo ya kampuni upande wa pili, iliyosajili kifaa kimoja. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuwapigia na kuwasomea MAC ya ruta, iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake. Soma ile ya WAN ikiwa kibandiko kinataja zaidi ya moja. Ya pili ni kuiambia ruta ijitambulishe kwa MAC ya ile laptopu. Kwenye laptopu ya Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig /all, tafuta kadi ya waya, iliyoandikwa Ethernet, kisha mstari wa "Adresse physique". Usichukue ya kadi ya Wi-Fi, hiyo ni nyingine. Nakili kwenye karatasi, ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya WAN, utafute mahali pa kunakili anwani ya MAC, iandike, hifadhi, zima na uwashe kwa zamu kama nilivyosema.

Jambo lililo jirani na hili: abonema nyingi zinatoa anwani moja tu. Kama kati ya modemu na ruta mtu ameweka swichi (kisanduku cha kugawa waya wa mtandao), na kwenye hiyo swichi akachomeka kifaa cha kurekodi kamera za ulinzi, basi wanaigombania. Kamera ikiamka kwanza, ofisi inalala. Kila kitu kiwe nyuma ya ruta. Modemu ishikwe na ruta peke yake.

Taa ya WAN ni ya chungwa: soma anwani

Jiunge na Wi-Fi ya ruta hata kama haina mtandao. Fungua kivinjari, andika anwani iliyoko kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishaingia, kabla ya yote piga picha kurasa za WAN, LAN na Wi-Fi kwa simu yako. Picha hizo zina siri za ofisi, zitunze ipasavyo, lakini siku mtu atakapochoma sindano zitakuokoa.

Tafuta ukurasa wa hali, uone anwani ya WAN ni ipi.

Ikiwa 0.0.0.0 au wazi kabisa, ruta imeomba na haikujibiwa. Rudi kwenye zamu ya kuamka na kwenye suala la MAC. Hakikisha pia aina ya muunganisho ni ile mliyopewa: baadhi ya kampuni hutoa anwani bila kuuliza jina, hiyo ni DHCP; nyingine zinataka jina na neno la siri, hiyo ni PPPoE. Ukichagua isiyo yenu, mtangoja mpaka kesho. Kama ni PPPoE na jina mmelipoteza, usibahatishe, waombeni kampuni wawatumie kwa maandishi, mlibandike kwenye faili ya ofisi.

Kwenye modemu ya kebo, ukiona WAN inaanza na 192.168.100, ni modemu yenyewe imeipa ruta anwani ya muda kwa sababu bado haijashika mtandao wa kampuni. Hiki ndicho kilichomsumbua binamu yangu: modemu ilikuwa imeshapona, taa zote nzuri, lakini ruta iling'ang'ania anwani ile ya muda. Akabonyeza kitufe cha kuomba anwani upya kwenye ukurasa wa WAN, ikaingia.

Ukiona WAN ni 192.168.1.23, tuseme, na LAN ya ruta nayo ni 192.168.1.1, umekuta ugomvi ninaoukuta hapa Bukavu kuliko mwingine wote. Kisanduku cha kampuni nacho ni ruta ndani yake, kimejiita 192.168.1.1, na ruta yako imejiita vivyo hivyo. Ruta haiwezi kujua nje ni wapi na ndani ni wapi. Ingia sehemu ya LAN, badilisha anwani ya ruta iwe 192.168.50.1, hifadhi. Ruta itajiwasha upya, na kuanzia hapo ukurasa wake unafunguka kwa anwani hiyo mpya.

Mtandao utarudi, watu watashangilia, na baada ya nusu saa mhasibu atasema printa haichapi. Ana haki. Printa za ofisi mara nyingi zimepewa anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.40, na sasa imebaki peke yake kwenye mtaa uliohamwa. Kwenye vitufe vya printa, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ipe 192.168.50.40, lango (gateway, yaani anwani ya ruta) liwe 192.168.50.1, kisha uiongeze upya kwenye kila kompyuta. Fanya hivyo kabla ya kuaga.

Anwani inayoanzia 100.64 mpaka 100.127 isikutishe. Kampuni inagawa anwani moja ya nje kwa wateja wengi, kurasa zitafunguka kama kawaida. Itakusumbua tu ukitaka kutazama kamera za ofisi ukiwa nyumbani.

Na kama anwani ni nzuri lakini kurasa hazifunguki, rudi kwenye dirisha jeusi, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, mtandao upo na kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti. Kwenye WAN ya ruta weka DNS mwenyewe, 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Majibu yasiporudi, ni simu kwa kampuni.

Simu kwa kampuni

Usiseme "mtandao hakuna", utaambiwa uzime na uwashe. Sema hivi: taa za modemu ziko hivi na hivi, anwani ya WAN ni hii, MAC ya ruta ni hii, laptopu moja kwa moja kwenye modemu inapata au haipati, na nimeshaamsha modemu kwanza ruta baadaye. Mtu wa upande wa pili atajua anaongea na aliyefanya kazi, na utapelekwa kwa fundi mapema. Mwombe namba ya malalamiko yako, uiandike.

Radi, na ruta ya mtumba

Tunaishi mahali pagumu kwa vifaa hivi. Mwaka 2016 watafiti waliosoma vipimo vya setilaiti ya TRMM waliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi, na pa pili pakawa hapa mashariki mwa Kongo. Mvua za Septemba zikianza, mimi najua simu zitalia. Radi haihitaji kuipiga nyumba. Ikipiga karibu, inaingia kwa waya mrefu unaoshuka kutoka paani, inapita kisanduku cha POE, inaua tundu la WAN, na kuacha sehemu nyingine zote za ruta zikiwa hai. Ndiyo maana unakuta Wi-Fi inaonekana, taa zinawaka, na WAN iko giza milele.

Wingu likijaa juu ya Ziwa Kivu letu, kuchomoa prizi peke yake hakutoshi. Chomoa pia waya unaotoka paani, uweke mbali na ruta, si ukining'inia sentimita mbili kutoka kwenye tundu lake. Fanya hivyo kabla radi haijakaribia. Ikishaanza kupiga juu ya mtaa, usiushike waya tena. Na anayefunga ofisi jioni apewe kazi hiyo kwa jina lake, isiachwe kuwa kazi ya wote.

Tundu la WAN likishaungua, usitupe ruta kabla ya kuangalia mipangilio yake. Ziko zinazokubali kugeuza tundu mojawapo la LAN liwe WAN, na ofisi inaendelea na kifaa kilekile. Kama yako haikubali, inaweza bado kufanya kazi ya kusambaza Wi-Fi kwenye chumba cha nyuma.

Ukilazimika kununua ya mtumba pale Nyawera au kwingine, nenda na laptopu na waya wako mwenyewe. Muuzaji atakuonyesha Wi-Fi kwenye simu yake na kusema unaona, nzima. Mwambie aiwashe, chomeka waya wako kwenye WAN, uone taa inawaka pande zote mbili. Chomeka na kuchomoa tundu moja moja la LAN. Soma adapta kama volti zake zinalingana na zilizoandikwa chini ya ruta. Fungua ukurasa wake uhakikishe nenosiri la msimamizi unapewa, na kwamba haikufungwa kwa kampuni moja tu ya simu. Hapo sindano inaruhusiwa: ichome mwenyewe mbele yake, ngoja irudi, kisha ulipe.